Simu ya Shemeji Ndani ya Gari Langu
Shemeji yangu, anayekula na kulala kwangu hapa mtaani Pioneer, aliazima gari langu aende koito ya rafiki yake Kesses. Eti bwana mkubwa hawezi kufika kwenye sherehe ya posa kwa boda boda. Tangu alirudishe, bluetooth ya simu yangu ilikatika kila nilipowasha gari nyumbani. Nilizima, nikafuta, nikaunganisha upya, wapi!

Jumapili moja nikihangaika humo, jina la simu ya shemeji likatokea kwenye redio ya gari; kumbe aliiunganisha siku ile ya koito. Yeye alikuwa sebuleni akimaliza mursik yangu, maziwa ya kugandisha. Akapigiwa, akapokea, na sauti ya msichana ikajaa gari: “Babe, leo unakuja na gari yako?”

Dirishani nilimwona akiita halo, halo, kama mjinga. Nikajibu mimi: “Gari iko. Mwenye gari ndiye anaongea.”