Vifungo vya Dada Doroti

Niliondoka Gisenyi kwa sababu ya cherehani. Wapo waliosema nimefuata dhahabu, wapo waliosema nimekwenda kubatizwa, na jirani yangu muuza chumvi aliapa kwamba nimeoa. Wote wakome. Mimi ni Shabani, fundi wa nguo pale barazani karibu na soko, na nilikwenda Amerika kujifunza cherehani ya umeme. Mengi niliyoyaona huko sikuyaelewa nilipoyaona, na mengine siyaelewi mpaka leo.

Madamu Ruthi alikuwa mteja wangu. Ni Mmarekani aliyekaa kwetu miaka mitatu akikusanya majani ya milimani kule Busasamana, na alivaa suruali. Nilimshonea tatu za kaki, na kila mara alitaka vifungo viwe kando ya kiuno, si mbele. Nilidhani ni desturi ya watu wanaopanda volkano.

Siku moja akaja barazani akasema, "Fundi, mi narudia kwetu. Kule iko masini ya kushona inatembea na courant ya umeme, miguu haina kazi. Kuya na mi, ujifunze miezi ine, urudie nayo."

Mke wangu Zainabu alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Hadija, unaenda kufundishwa na mwanamuke wa pantalon? Bon, enda. Lakini usituletee ile mode ya kuvaa hapa."

Kutoka Goma hadi Kampala tulipanda lori, mimi nikiwa juu ya masanduku ya majani makavu. Kampala hadi Mombasa tulipanda treni. Baharini nilitapika mpaka nikapoteza hesabu ya siku, kwa hiyo msomaji anayetaka habari za bahari amtafute mtu mwingine. Tuliposhuka New York tulipanda treni nyingine siku nzima na usiku, tukabadilisha Chicago, tukafika mji ambao jina lake nalificha kwa ajili ya watu nitakaowataja. Ni mji wa katikati ya Amerika, kando ya ziwa. Nilikwenda kulitazama ziwa lenyewe. Halina ng'ambo. Kwetu ukisimama ufukweni mwa ziwa letu unaona vilima vya Kongo, unajua uko wapi. Pale nilisimama nikaona maji tu, nikarudi nyumbani na kizunguzungu.

Siku tuliyofika, mlangoni kwa Madamu alitupokea dada Doroti, mwalimu wa shule ya watoto, mweusi kama mimi, mrefu, mwenye miwani. Yeye na Madamu walikumbatiana kwa muda mrefu, nikadhani ni ndugu wa kulelewa pamoja. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Mimi nilipewa kimoja, wao wakaingia kingine. Nikaona haya kwamba nimewabana wenyeji, nikaomba nilale jikoni.

"Hapana, Fundi," Madamu akasema. "Ni vile tunalalaka siku zote."

Sikuuliza zaidi. Kwetu mgeni haulizi habari za vitanda vya wenyeji.

Mwezi wa kwanza uliisha nikipigana na ile cherehani. Ukiigusa kidogo tu kwa mguu inakimbia na kitambaa kama mbuzi aliyekata kamba. Jioni dada Doroti alikaa nami mezani na daftari la shule, nikimpima huku na huku kwa mazoezi, naye akiandika maneno ya fundi: geuka, mkono juu, mbele, nyuma, kando. Herufi zake zilisimama wima kama watoto mstarini. Ni yeye aliyeleta ramani na dira ya shuleni akanitafutia kibla, nikasali vizuri kwa mara ya kwanza tangu Mombasa. Nilimpenda kama dada wa tumbo moja, nasema wazi.

Jumapili moja alasiri walinipeleka klabu. Ilikuwa nyuma ya duka la viatu, katika mtaa wa watu weusi, lakini weupe pia walikuja. Kulikuwa na sanduku la muziki na meza ya vinywaji. Mimi nilipewa limonadi. Wanaume walicheza na wanaume, wanawake na wanawake. Nikafikiri, hawa wanajua adabu, wametenganisha wake na waume kama kwenye harusi zetu. Nikatulia kabisa.

Mara taa nyekundu ikawaka juu ya meza. Bila neno, kila jozi ikaachana, kila mwanaume akashika mwanamke. Mama mmoja mnene akanivuta, chupa ikiwa bado mkononi mwangu. Polisi wawili wakaingia, wakazunguka, wakatoka. Taa ikazimika, na kila mtu akarudi kwa mwenzake. Nikapiga makofi. Nilidhani ni sehemu ya ngoma.

Yule mama mnene ndiye mwenye klabu. Alikaa nasi akasimulia, Madamu akinigeuzia maneno. "Anasema, hii njo mulango ya ine wamefungua. Ya kwanza ilikuwa chini ya nyumba, wakati serikali ilikataza pombe. Wakafunga. Ya pili ni wakati wa vita, maaskari walikuya wengi sana kucheza. Wakafunga. Ya tatu pia. Anasema ni vile vile Detroit na Saint Louis, watu wanahama na muziki yao."

"Polisi wanafunga juu ya nini?" nikauliza sababu.

"Juu ya kucheza."

Nikachanganyikiwa zaidi. Kwetu hata Mbelgiji akikataza ngoma hutaja sababu, husema kelele.

Kuanzia siku hiyo wanawake wa klabu wakaniletea vitambaa. Sita walitaka suruali, na wote wakanionyesha kwa kidole: vifungo kando. Nilishona, lakini moyo uliniuma. Suruali nzuri ikifungwa kando hukaa vibaya kiunoni, na fundi ana jina lake hata kama yuko ugenini. Kwa hiyo nilipomshonea dada Doroti zawadi yangu ya kumuaga, sufu ya kijivu niliyoichagua mwenyewe, niliweka vifungo mbele, vimefichwa chini ya kitambaa, kazi ambayo hapo Gisenyi naifanyia wakubwa tu.

Jumapili yangu ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, nilimpa. Akaivaa, akatoka chumbani, akagusa vile vifungo, akamtazama Madamu. Madamu akafungua mdomo. Doroti akatikisa kichwa, akanigeukia.

"Muzuri, Fundi," akasema, kisha wakaingia chumbani wote wawili kidogo.

Saa kumi tulikuwa klabu. Safari hii taa haikuwahi kuwaka. Polisi waliingia kwa milango yote miwili, wakazima muziki, wakawapanga wanawake wenye suruali ukutani. Mmoja akapita akiwatazama viuno. Vifungo kando, akapita. Vifungo kando, akapita. Alipofika kwa dada Doroti akasimama, akaonyesha vifungo vyangu kwa rungu lake, akamwita mwenzake aje aone.

Nilidhani anasifia kazi. Wallahi, nilitabasamu. Nikajigonga kifua nikasema kwa Kiingereza changu kidogo kwamba fundi ni mimi.

Walimtia dada Doroti garini pamoja na wanaume wanane waliokutwa wakicheza pamoja. Alirudi kesho yake asubuhi, suruali imekunjamana, miwani haina kioo kimoja. Jumanne jina lake lilitoka gazetini. Jumatano shule ilimwandikia asirudi tena. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minne.

Jikoni, yeye akiwa amelala, Madamu alinieleza yote. "Hapa mwanamuke akivaa pantalon ya vifungo mbele, wanasema amevaa nguo ya mwanaume, wanamufunga. Kando, hawana neno. Na taa ile, Fundi, haikuwa muchezo. Mi na Doroti si ndugu. Tunapendana, miaka kumi sasa."

"Mbona hamukuniambia?"

"Nilikuwa na haya. Nilifikiri ukijua, utatuchukia."

"Na dada Doroti, alipovaa, alijua itakuwa hatari?"

"Alijua. Nilimukataza kule chumbani. Akasema, fundi amesimama pale na uso wa sikukuu, nitamukatalia namna gani?"

Nililia mbele ya mwanamke, jambo ambalo sikulifanya hata nilipomzika baba yangu. Siku ya kuondoka dada Doroti alinisindikiza stesheni. Nilimwomba msamaha kwa kila lugha niliyokuwa nayo. Akaniweka mkono begani, akasema neno nililomfundisha wakati wa kupima: "Geuka." Nikageuka, nikapanda treni.

Gisenyi nilifika na cherehani yangu, na watu walijaa barazani siku tatu kuitazama. Niliwaambia habari za majumba marefu. Yale mengine nilimwambia Zainabu peke yake, akichambua maharage.

"Donc hawa wanawake si ndugu?" akauliza.

"Hapana. Ni kama mi na we."

Akachagua punje mbovu, akaitupa nje. Sikujua atasema nini, na niliogopa.

"Na we ukamufungisha," akasema mwishowe.

"Nikamufungisha."

"Basi mushonee ingine. Lakini safari hii, Baba Hadija, uulize kwanza."

Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile ndefu, na ningeweza kulipata hapa hapa kwa mke wangu bila kutapika baharini. Kuuliza si ujinga. Mimi nisiyekata kitambaa bila kupima, nilikaa nyumba ya watu miezi minne bila kuuliza, nikijiona nina adabu.

Nilimwandikia dada Doroti barua: kitambaa ninacho, kipimo nakikumbuka, vifungo niviweke wapi? Nikaipeleka posta mwenyewe.

Mvua za msimu mzima zilipita. Bahasha ya jibu ilipofika haikuwa na barua ndani yake, ila karatasi moja ya daftari la shule. Herufi zilikuwa zile zile, zimesimama wima, na neno lilikuwa moja tu.

"Mbele."