Anaona Kinachosogea Tu

Dada yangu alikuwa anafuga vunjajungu. Msicheke. Wengine wanafuga kuku, yeye alifuga wadudu, tena kwa mshahara, katika chumba cha nyuma cha chuo kilichonuka mabuu na matunda yaliyooza. Kila mdudu na kopo lake la plastiki, mdomoni limefungwa kipande cha chandarua, maana ukiwaweka wawili pamoja, jioni unamkuta mmoja, ameshiba. Watu wakambandika jina la Mama Vunjajungu, naye akaitika bila kinyongo.

Siku moja nilimpelekea chakula kazini, akataka nione. Alimtia nzi mfu ndani ya kopo. Mdudu akabaki kimya kama kijiti.

"Ana njaa tangu jana huyo," dada akasema.

Kisha akamshika nzi yule kwa kibano, akamchezesha kidogo tu. Kichwa cha mdudu kikageuka, macho yote mawili yakamlenga. Nzi aliposogezwa karibu, miguu ya mbele ikafyatuka, pa! Sikuiona hata ikitoka.

"Kilichotulia kwake hakipo," dada akaniambia. "Kikisogea ndipo macho yake mawili yanapima umbali. Na akishapima, hakosi."

Watafiti wa pale chuoni waliwabandika wadudu hao miwani midogo kwa nta, wakawaonyesha vidoa vinavyokimbia kwenye skrini, nao wakavirukia wakidhani ni chakula. Mdudu na miwani! Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kicheko hicho kiliisha mume wa dada alipopata kiharusi. Shemeji alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache. Miguu ilimrudia, mdomo ukamrudia, macho hayakurudi. Tulidhani ndiyo basi. Lakini asubuhi moja aliketi kitandani akasema, "Kuna kitu kinazunguka pale." Ukutani palikuwa na saa. Aliuona mshale wa sekunde peke yake, saa yenyewe hakuiona. Daktari akatueleza kwamba macho ni mazima, ubongo ndio umeumia mahali pa kuonea, na kipande kilichobaki kinashika vitu vinavyosogea tu.

Dada akamtazama daktari, akanitazama mimi. "Kumbe nimeolewa na vunjajungu," akasema. Akacheka, halafu akalia pale pale mbele za watu.

Tangu siku ile hakutulia. Akiongea, mikono inapunga. Akiketi, anayumba. Sahani aliizungusha mezani ili mumewe aione. Shemeji alijaribu kutikisa kichwa chake mwenyewe, lakini chumba kizima kikacheza pamoja, akatapika. Kwa hiyo kazi yote ikamwangukia dada. Mimi sina subira, nikamfokea: "Utajiua wewe! Hebu kaa chini kama watu!"

"Nikitulia ananitafuta," akanijibu. "Ananiita, na mimi niko mbele yake. Wewe umeshawahi kuitwa hivyo?"



Uso wa dada shemeji hakuuona sawasawa tena, alipata umbo tu, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Ila umbo la mkewe alilijua hata sokoni. "Yule anayepunga kama anafukuza nzi," alisema, "ndiye wangu."

Halafu moyo wa dada ukaanza kuchoka. Wakamlaza hospitali, wakaamuru atulie kabisa, asijisogeze. Loo! Kumwambia yeye atulie! Shemeji alikuja kila mchana, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Sauti ya mkewe aliisikia, mkono wake aliushika, lakini alitaka kumwona, kama mume yeyote.

"Upo?" anauliza.

"Nipo, baba," dada anamjibu, na kidole kimoja kinainuka juu ya shuka, kinakwenda huku na huku. Shemeji anatabasamu. Nesi anamkaripia dada, mimi namkaripia nesi. Nilijua kidole kile kinammaliza, na sikuwa na moyo wa kumkataza.

Alikufa mchana, wodi imejaa watu waliokuja kuwaona wagonjwa wao. Nesi akamfumba macho. Tukamwambia shemeji, akaelewa, hakupiga kelele. Alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wa dada, akauinua, akaupunga polepole mbele ya macho yake mwenyewe.

"Mzee, mwache apumzike," nesi akasema, akimshika bega.

"Hebu toka hapa!" nikamfokea. "Anamwangalia mkewe!"

Ule mkono ulikuwa mzito, na mkono mmoja wa shemeji ulikuwa haujapata nguvu tangu kiharusi, basi ukaanza kumponyoka. Nikazunguka upande wa pili wa kitanda, nikaushika kwenye kiwiko, tukaupunga pamoja. Nililia kwa sauti, wala sikuona haya.

"Namwona," akasema. "Shemeji, usiache."

Sikuacha. Mikono iliniuma, watu wa vitanda vingine wakageuka kututazama, nami nikaendelea. Mwishowe wahudumu wakaja na machela, ikabidi niulaze mkono wa dada juu ya shuka.

Shemeji akainama mbele, akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Amekwenda wapi?" akaniuliza.