Shosho ameuliza Anko yuko wapi

Wasee, leo nimewasha moto kwa matanga na sijui nimekosea wapi.

Ni maombi ya Anko hapa Ruiru, tunamzika Ijumaa. Kanisa alikuwa hakanyagi.

Pasta akasoma Zaburi 9:17 kwa Biblia yake ya zamani ya Kiingereza: waovu wataenda jehanamu.

Mimi na kiherehere changu: "Pasta, kwa Biblia mpya ya simu yangu hapo imeandikwa kaburini, si jehanamu."



Mzee wa kanisa akasema hiyo ni Biblia ya watu hawataki kuokoka. Pasta akaanzisha wimbo.

Shosho wangu, mamake Anko, akaukata. "Kwani kijana yangu yuko wapi?"



Saa hii amekaa na mimi jikoni, ananiambia nisome tena ile ya simu.

Nimesoma mara nne. Hata sijui kama ndiyo ya ukweli.

Wewe ungeacha kusoma?