Mitumbwi Mitatu Kwenye Karatasi

Nilikuwa na mwandiko mzuri, na huo ndio ulioniponza. Tuliporudi Rwanda kutoka Bukavu, wazazi wangu na magodoro yao mawili, mimi na cheti changu cha sekondari, niligundua kwamba mjini Cyangugu watu wanaoweza kuandika barua ya Kifaransa isiyotia aibu walikuwa wachache. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbilia ng'ambo, huko huko tulikotoka sisi. Ushirika wa wavuvi ukanipa meza, kalamu na kiti kisicho na mgongo. Wakaniita mwalimu, ingawa sijawahi kumfundisha mtu chochote.

Kwetu huvuliwa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Hawavuliwi na mtumbwi mmoja. Mitumbwi mitatu hupangwa sambamba, ikaunganishwa kwa miti mirefu iliyolazwa juu yake na kufungwa kwa kamba, kisha wavu mmoja mkubwa huteremshwa chini yake na karabai huwashwa ili mwanga uwavute samaki. Watu kumi na kitu hupiga kasia kwa wimbo mmoja. Kitu hicho kizima tunakiita ikipe, neno lile lile la Kifaransa la timu ya mpira. Hakuna mvuvi anayeuliza mtumbwi wa kushoto ni wa nani, kama ambavyo hakuna anayeuliza mguu wa kushoto wa meza ni wa nani.

Maman, mjane wa pale ufukweni ambaye nilimwita hivyo siku zote ingawa hakuwa mama yangu, aliachiwa ikipe na mumewe, aliyeuawa mwaka ule wa mauaji. Mitumbwi ilikaa ufukweni mwaka mzima na ikapona. Wavu haukupona. Uliwekwa darini, panya wakaufanya walivyotaka. Mwanamke hapandi ikipe. Huiendesha akiwa nchi kavu, hununua mafuta ya taa, huwagawia wapiga kasia sehemu yao, huuza kinachobaki. Bila wavu mkubwa Maman hakuwa na cha kuendesha, na alikuwa na watoto wanne wanaokula.

Ndipo serikali ilipotangaza msaada. Mtumishi wa uvuvi alikuja na pikipiki, akaniachia fomu, akasema kila mwenye chombo atapewa wavu. Fomu iliuliza jina la mwenyewe, aina ya chombo na idadi. Niliisoma mara mbili, nikaona mwanya. Ikipe moja, wavu mmoja. Lakini mitumbwi mitatu yenye wenyewe watatu ingeleta nyavu tatu: mmoja wa kuvulia, mmoja wa akiba, mmoja wa kubadilishana na karabai mpya. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Nikapanga hivi: mtumbwi wa katikati uandikwe kwa jina la Maman, wa kushoto kwa jina la shemeji yake, mdogo wa marehemu, na wa kulia kwa jina la mzee aliyeongoza wapiga kasia. Wanaume hao wawili walikubali huku wakicheka. Maman hakucheka.

"Ikipe ni moya, mwalimu," alisema. "Haiko mitumbwi tatu. Hiyo unaandika ni bongo."

Bongo, katika kinywa cha watu wa ziwa letu, ni uongo. Nikamweleza kuwa hiyo si bongo, ni namna tu ya kuhesabu, na kwamba ofisi ndivyo zinavyohesabu. Alinitazama, akautazama mwandiko wangu, akachovya kidole gumba kwenye wino. Aliniamini, basi.

Jioni ile ile alikuja mzee wa ikipe nyingine, nikiwa nimeshaanza kufunga makaratasi. Mkono ulikuwa umeshachoka. Sikumfunulia ujanja wangu, kwa kuwa ungenilazimu kujaza fomu tatu. Nikaandika ikipe, moja, nikamsogezea wino.

Msaada ulikuja. Naipa serikali haki yake: ulikuja, na kwa wakati. Lori liliteremka kutoka Kamembe likasimama karibu na kanisa. Yule mzee niliyemwandikia ikipe moja aliitwa, akapewa furushi lililobebwa na watu wanne, wavu mpya wa sambaza. Kisha wakaitwa Maman, shemeji yake na kiongozi wa wapiga kasia, kila mmoja akapewa kifurushi cha kubeba kwapani. Zilikuwa nyavu ndogo za kutega kandokando ya ziwa, za mtumbwi mmoja, kwa samaki wakubwa. Tundu lake lilipitisha vidole vyangu vitatu. Nilipolalamika, mtumishi alinionyesha fomu nilizojaza mwenyewe. Alisema wao hutoa wavu kulingana na chombo kilichoandikwa. Hakuwa amekosea popote, na nilimchukia kwa sababu hiyo.

Wapiga kasia walizishona zile nyavu tatu pamoja, kazi ya siku tatu, wakaenda nazo ziwani mara moja tu. Sambaza walipita katikati yake bila shida. Walirudi asubuhi na samaki wasiojaza nusu ya ndoo. Niliandika barua ya kuomba fomu zisahihishwe, barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Kabla haijajibiwa vita ilianza ng'ambo, askari wakafunga ziwa. Tulikaa ufukweni tukisikiliza mizinga ikipiga upande wa Bukavu, mji nilimozaliwa, na hakuna aliyeniuliza tena habari za barua.

Ziwa lilipofunguliwa, amri ilikuwa mpya. Kila mtumbwi uwe na karatasi yake, na mwenye jina lililo kwenye karatasi awe ndani yake. Shemeji alikuwa na karatasi. Alikuwa pia na wavu mdogo, na watoto. Alikuja kwanza kwa Maman kuomba ruhusa, na Maman akamwambia aende akalishe wanawe. Asubuhi yake alifungua kamba za mtumbwi wa kushoto mbele ya watu wote. Hakuiba, karatasi ilisema ni wake, nami ndiye niliyeiandika. Kiongozi wa wapiga kasia alifuata wiki hiyo hiyo na mtumbwi wa kulia. Ile miti mirefu ilibaki ufukweni mpaka mtu akaipasua kuni.

Mtumbwi wa katikati ukabaki na Maman. Karatasi ilimtaka mwenyewe apande, na mwenyewe alikuwa mwanamke. Akaufunika kifudifudi, akaanza kununua sambaza wa yule mzee wa ikipe moja na kuwavusha kwa beseni kwenye mpaka wa Rusizi ya kwanza, daraja la kwenda Bukavu, siku ulipokuwa wazi. Kila asubuhi alipita mbele ya meza yangu na kunisalimia. Heri angenitukana. Niliona haya, na haya hiyo haijaniisha.

Wakati wa vita ya pili ya ng'ambo mitumbwi iliandikishwa upya, na nyavu zikaahidiwa tena. Mtumishi alikuwa mwingine, na fomu ilikuwa bora: safari hii ilikuwa na mahali palipoandikwa ikipe. Maman alipanga foleni na beseni lake. Zamu yake ilipofika nikamwinamia, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba naweza kuandika ikipe moja, kwamba ofisi haitakuja ufukweni kuhesabu, kwamba wavu mkubwa ukipatikana, mitumbwi mingine miwili haitakosekana. Nilikuwa nimelala na kuamka na maneno hayo siku kadhaa.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Andika mutumbwi moya. Ile bongo yako ilishakuwa ya kweli."

Hakusema kwa ukali. Nikaandika mtumbwi, mmoja, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri, nikamsogezea wino. Alibandika kidole, akakifuta kwenye kitenge, akajitwika beseni akaelekea mpakani.