Mama Alivyonyimwa Haki ya Kusikiliza Sauti Yake

Simu yangu ilimwambia mama kwamba hana haki ya kujisikiliza akiimba.

Sitanii. Maandishi yalikuwa mekundu: "Huna haki ya kucheza wimbo huu." Mama akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Huyu anayesema sina haki ni nani?"

"Ni programu ya muziki, mama."

"Alikuwepo nilipoimba?"

Nikabonyeza tena. Mekundu yale yale.

Niwarudishe nyuma kidogo. Kazi yangu ni kupima maji maabara. Siyaamini maji kwa kuyatazama, naamini kipimo. Kwa tabia hiyo hiyo, miaka mitatu iliyopita nilijiunga na duka moja la muziki la mtandaoni, baada ya kulinganisha sauti za maduka manne kwa grafu. Yao ilikuwa safi kuliko zote. Nikanunua nyimbo mia tatu na kumi na mbili. Mafaili yalikuwa ya aina yao wenyewe, yanafunguka ndani ya programu yao tu. Niliona ni jambo dogo.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi. Aliposikia akasema, "Nirushie mbili tatu basi."

"Haziwezi kurushwa."

"Sasa umenunua nini?"

Nilimwambia hajui teknolojia.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa kwenye kanda. Zamani, kabla sijazaliwa, mama alirekodiwa sebuleni akiimba huku baba akipiga gitaa. Baba ametutoka, huu mwaka wa tisa, na hatuna sauti yake nyingine popote. Niliihamishia kanda ile kwenye kompyuta. Wakati wa kuirudisha nyuma, ikakatika. Nikasema si neno, nakala ninayo.

Kisha nikaihamishia nakala hiyo kwenye simu, ndani ya ile programu. Ikaniuliza: "Tuboreshe sauti na kuokoa nafasi?" Nikabonyeza ndiyo. Ikageuza wimbo kuwa faili la aina yao, ikafuta lile la kwanza.

Mtu anayepima maji ya watu elfu kumi alibonyeza ndiyo bila kusoma.

Mwaka jana nikabadili simu. Nyimbo za dukani zilihamia zote. Huu wa mama sikuujaribu. Sasa mama alikuwa anatimiza miaka sabini Jumapili, na aliomba kitu kimoja tu: amsikie mumewe. Ndipo tukakutana na maandishi mekundu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja.

"Tafadhali ambatanisha stakabadhi ya ununuzi," wakajibu.

"Sikuununua. Anayeimba ni mama yangu mzazi."

"Asante kwa maelezo. Tafadhali ambatanisha stakabadhi ya mama yako."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Ilikuwa Ijumaa.

Nikapekua ukurasa wa akaunti yangu, penye orodha ya vifaa. Kimoja kilikuwa hakijaonekana hewani tangu mwaka jana: simu yangu ya zamani, ile niliyompa shemeji apigie muziki kwenye duka lake la kunyolea. Haina laini, haina intaneti. Kama haijawasiliana na duka la muziki, basi hakuna aliyeiambia kwamba imekatazwa.

Jumamosi asubuhi nikamchukua mama, tukaenda kwa kinyozi.

"Wimbo wa mama?" shemeji akasema. "Si naupiga kila nikifungua duka! Wateja wanaujua kuliko wewe."

Mteja mmoja, amenyolewa nusu kichwa, akageuka kitini. "Kumbe ndiye huyu mwenyewe? Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Malizia kwanza hicho kichwa."

Faili halikukubali kunakiliwa, lakini sauti inatoka kwenye spika, na hewa haina mwenyewe. Nikaweka kinasa sauti mbele ya spika, sentimita thelathini kwa rula. Mashine za kunyolea zikazimwa. Feni ikazimwa. Nikainua kidole: kimya.

Gitaa likaanza. Kisha baba, karibu kabisa, kana kwamba yuko kwenye benchi la wateja:

"Usikimbilie, mke wangu. Nifuate mimi."

"Nani alikimbilia?" mama akafoka. "Wewe ndiye uliyekuwa unachelewa!"

Duka zima likaangua kicheko. Mama hakuwajali. Akaimba na nafsi yake ya zamani hadi mwisho, sauti mbili, moja nyembamba na moja ya miaka sabini.

"Mama, umeharibu," nikasema. "Tunarudia."

Nikawasha modemu yangu ya mfukoni, ili nakala safi ikipatikana niitume papo hapo sehemu tatu. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kimoja: simu ile iliwahi kuwa yangu, na modemu yangu bado iliikumbuka. Ikajiunga yenyewe.

Nikabonyeza wimbo. Maandishi mekundu.

"Shemeji, umefanya nini?" kinyozi akaniuliza.

"Imeingia mtandaoni."

"Yaani mwaka mzima imekaa na mimi nisiyejua teknolojia, salama salimini. Wewe dakika kumi tu."

Nikaizima modemu, nimeshachelewa.

Ikabaki ile niliyosema imeharibika. Nyumbani nikamwambia mama kwamba naweza kujaribu kuipunguza kwa kompyuta sauti aliyoimba kwa kinyozi, abaki baba na wimbo wa zamani.

"Unifute?"

"Ya leo tu, mama."

"Sasa mimi nikifutwa, baba yako atakuwa anabishana na nani?"

Nikaiacha kama ilivyo. Jumapili tuliipiga mara nne.

Ndugu msomaji, kama umelipia wimbo lakini huwezi kuunakili, wala kumpa ndugu yako, wala kuusikiliza siku duka likikataa, usiseme umenunua. Umeruhusiwa tu, na anayeruhusu anaweza kukataza. Weka nakala kwenye faili la kawaida linalofunguka popote, na uiweke kabla ya kubonyeza ndiyo.

Mimi nilitengeneza saba, kila moja kwenye flashi yake. Zimebaki mbili. Mama anazigawa kwa kila anayepita kumsalimu, na haombi ruhusa ya mtu.