Blanketi ya Koko Ilipofika Dar

Kuna siku moja ya Dar, mwanangu, ambayo nakumbuka mpaka harufu yake. Nilifungua begi juu ya kitanda cha gesti, nikatoa blanketi ambayo Koko, nyanya ya baba yako, alitupea tukioana, na hiyo blanketi ilikuwa imeota ukungu. Kijani kabisa. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji. Aliweka tu chupa chini.

Nakuandikia hii ukiwa bado tumboni, hapa Kitengela, na unanipiga mateke kama mtu amecheleweshwa mahali. Hiyo haraka umeitoa kwangu. Mimi si mzee, najua. Lakini siku utasoma hii nitakuwa mzee kwa macho yako, kwa hivyo acha nianze kuongea kama wazee mapema, nizoee.

Baba yako ni Mmaasai wa Kajiado. Mimi nimekulia hapa Kitengela, lakini kwetu kabisa ni Murang'a. Tulipooana hatukutaka mambo ya hema na sahani mia. Tulitaka kusafiri: mabegi mgongoni, basi mpaka Namanga, tuvuke, twende Tanga, Dar, halafu Kyela, mpaka ziwa la Malawi. Watu walicheka. Mjomba wangu wa Rongai alisema, "Wenzenu wanaenda hanimuni na ndege. Nyinyi mnaenda kama watu wa mitumba."

Siku ya kuondoka tulipitia kwa Koko, nje kidogo ya Kajiado. Akatupea blanketi, zile nzito za miraba, nyekundu na nyeusi. Akatutemea mate kidogo kwa paji la uso, mimi kwanza, halafu baba yako, na matone mengine yakaangukia blanketi. Kwa Wamaasai hiyo ndiyo baraka yenyewe. Mzee hawezi kukutemea mate hivyo kama hakupendi. Nilikuwa nimeambiwa nisipanguse, na sikupangusa.

Sasa, hiyo blanketi ilijaza nusu ya begi. Nilitaka kuuliza, "Kweli tunaenda nayo?" Lakini nilikuwa bibi arusi mgeni, na nani anataka kuitwa yule msichana wa Murang'a alikataa zawadi ya Koko? Nikanyamaza. Baba yako naye, hii alikuja kuniambia baadaye, alikuwa anangoja mimi nikatae ndio apate njia ya kuiacha. Kila mtu anamwangalia mwenzake. Tukabeba.

Mwanangu, wewe utazaliwa hapa, kwa hivyo utadhani unajua joto. Hujui. Joto ya Kitengela ni kavu, ukiingia kivulini inakuacha. Ya Tanga inaingia na wewe kivulini, inalala na wewe kitandani. Unaoga, unajipanguza, na bado umelowa. Nilitoka vipele shingo yote. Baba yako, mtu anaweza kutembea Kajiado mchana kutwa, alikuwa anakaa kwa ngazi ya gesti akipepea uso na kifuniko cha sufuria.

Na kwa basi ya kwenda Tanga, gunia ya dagaa ya mtu ilikuwa imevuja juu ya begi yetu. Blanketi ikanuka. Nikaiosha.

Hapo ndipo nilionyesha mimi ni mtu wa Kitengela. Huku kwetu unaanika blanketi asubuhi, upepo wa Athi unaipiga, na saa ya chakula imekauka ngumu kama kadibodi, shida yako pekee ni vumbi. Maishani mwangu sijawahi kujiuliza kama nguo itakauka. Nguo inakauka, basi. Kumbe Tanga haikauki. Niliianika, nikaigeuza, mvua ikanyesha, nikaianika tena. Siku ya basi ya Dar nikaigusa nikajiambia imekauka. Haikuwa imekauka. Nilikuwa tu nimechoka kungoja. Nikaifunga ndani ya begi, na begi ndani ya buti ya basi, na unajua iliyobaki.

"Uliiosha," baba yako akasema, bado amesimama pale mlangoni.

"Ilikuwa inanuka dagaa."

"Umeosha baraka ya Koko, halafu umeiozesha."

"Aki Lemayian, si ni blanketi tu!"

"Kwenu ni blanketi."

Hilo neno kwenu, mwanangu, liliniuma kuliko vile vipele vyote. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Kesho asubuhi mimi napanda basi ya Namanga. Wewe endelea na safari yako." Asubuhi hiyo hiyo alikuwa bado anaiita "safari yetu". Nikaona vile nitashuka Kitengela peke yangu, ndoa bado mbichi, na mama yangu akiuliza mume yuko wapi.

Mwenye gesti alikuwa anaitwa Mama Zuwena. Alikuwa uani anapigia wageni nguo pasi, na dirisha letu lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Akaja akasimama mlangoni, pasi bado mkononi.

"Samahani wanangu, madirisha yangu hayajui kutunza siri." Akaishika blanketi, akaivuta karibu na pua, akairudisha haraka. "Mlilifunga bichi? Huku mtu mwenyewe hakauki, blanketi ndo likauke?"

Mimi nilicheka kidogo. Baba yako hakucheka. Akamweleza ni ya nyanya yake, na mambo ya mate, na vile mimi nimeidharau.

"Bibi mwenyewe yu hai?" Mama Zuwena akauliza.

"Yuko."

"Ana simu?"

"Yuko nayo."

"Sasa mnagombana nini, na mwenye blanketi yupo? Mpigieni bibi wa watu." Akarudi kwa pasi yake, lakini niliona amesogeza meza karibu na dirisha.

Baba yako akapiga, akaweka sauti ya nje, akasalimia kwa Kimaasai.

"Sopa, Koko."

"Epa. Mmefika kwa hilo ziwa?"

"Bado. Tuko Dar, kwa gesti ya mama mmoja." Halafu akakwama. Akaangalia ukuta. Mimi kungoja siwezi, unajua, nikachukua simu.

"Koko, ile blanketi imeoza. Niliiosha, nikaifunga kabla ikauke."

Tulisikia mbuzi upande wa pili.

"Blanketi imeoza," Koko akasema.

"Ndio, Koko."

"Na nyinyi?"

"Sisi aje?"

"Nyinyi mmeoza?"

"Hapana, Koko."

"Sasa unanipigia simu ya nini? Mbuzi zinaingia kwa shamba ya watu."

Uani nilisikia Mama Zuwena akikohoa, kukohoa kwa mtu anazuia kicheko. Baba yako akachukua simu tena. "Koko, ni ile mate. Uliitemea, na sasa imeoshwa. Mimi nataka kurudi nyumbani."

"Wewe Lemayian! Nilitemea nyinyi. Blanketi ilipatikana tu hapo katikati. Mimi nitabariki nguo? Nguo inazaa?" Akavuta pumzi. "Huko kuna baridi?"

"Hakuna. Joto ni kama ya jiko."

"Na mlibeba blanketi ya nini?"

"Si wewe ulitupea."

"Nilipea watu wenye mdomo. Mngesema, Koko, kaa nayo mpaka turudi. Ningekaa nayo, si hata mimi nasikia baridi?" Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ile anatumia na watoto wagonjwa. "Enkerai ai, mtoto wangu, mnanibeba mpaka Tanzania na mimi nimekaa hapa kwa kiti yangu. Nitueni. Hiyo kitu pea huyo mama wa nyumba. Na ukitaka kurudi, rudi na mke wako. Ukikuja peke yako, nitauliza tu umemwachia nani."

Akakata. Koko haagi mtu kwa simu.

Baba yako akakaa kwa kitanda. Nilitaka sana kuongea, mwanangu, ulimi uliniwasha, lakini mara moja maishani nilinyamaza vizuri. Halafu akasimama, akachukua begi, akaimwaga yote juu ya kitanda. Chini kabisa kulikuwa na unga ya wimbi ambayo mama yangu alinipea, eti nisipate njaa kwa watu. Ilikuwa imeganda kama matofali. Baba yako akaishika, akaniangalia.

"Na hii?"

"Niliogopa kumwambia mama hapana."

Hapo ndipo alicheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akakaa chini. Akaniambia na yeye vile alikuwa anangoja nikatae blanketi siku ile. Mama Zuwena akachukua blanketi, akaisugua na sabuni, akaitandaza juu ya mabati kwa jua kali, kila jioni anaitoa, na siku chache baadaye tulipoondoka ilikuwa juu ya meza yake. "Nimepata la kupigia pasi," alisema. Basi ya asubuhi tulipanda kweli, lakini ilikuwa ya Kyela. Huko mvua ilitunyeshea karibu kila siku, na ziwa tulilifikia na begi nyepesi, tukiwa tumelowa na tukiongea.

Sasa nikuambie ile kitu nimekuandikia. Ukipata mtu wa kutembea naye, siku ya kwanza kabisa mwage begi mbele yake, na yeye amwage yake. Ulizeni kila kitu: hii tunabeba kwa sababu tunaihitaji, ama kwa sababu tunaogopa mtu? Ukichoka, sema umechoka. Usingoje mwenzako akusemee. Na ukianza kugombana juu ya heshima ya mzee, angalia kwanza kama huyo mzee yuko hai. Kama yuko, mpigie. Mara nyingi ana roho kubwa kuliko ile mnamsingizia. Hata mimi, mwanangu. Nikikupea kitu kizito, usinibebe kimya kimya na kunichukia njiani. Niambie. Nitakasirika kidogo, kisha hasira itaisha.

Mungu akufungulie barabara nzuri. Akupatie mtu ambaye hatasema "safari yako", atasema "safari yetu". Mahali utalala usikose hewa, na mahali utafika upate mtu wa kukuuliza umekula. Na ukitaka kurudi, mlango wetu hauna saa.