Kufagia Chini ya Mikorosho

Mwaka ule ukungu uliikalia Lionja, kijiji chetu, mpaka nikadhani mawingu yamehamia kwetu na mizigo yao. Maua ya mikorosho yakashikwa na ugonjwa wa ubwiri, yakawa meusi kama dari la jikoni. Dawa ya salfa tulipuliza, lakini tulichelewa. Nikamtangazia mama kwamba mimi, mhitimu wa kidato cha nne kwa masomo ya usiku, darasa ambalo mbu walihudhuria vizuri kuliko wanafunzi, nimepiga hesabu zote: mikorosho ikatwe, tuchome mkaa, nami nikatafute maisha Nachingwea mjini. Shoka nilikwisha kulinoa. Ukilitazama sana lilikunyoa ndevu.

Mikorosho ile mama aliipanda pamoja na marehemu baba. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba wakati wa kufagia umefika, basi tufagie kwanza.

Kwetu chini ya mkorosho hufagiwa kabla korosho hazijaanza kudondoka, ili zikianguka zionekane. Nikamuuliza mwaka huu tunasubiri nini kianguke, majani?

"Wewe fagia," akasema. "Kuangusha si kazi yako."

Nikafagia kwa hasira. Vumbi nililotimua lilifika Ruangwa, watu wakaanua nguo. Mama alinifuata nyuma na fagio lake la vijiti, taratibu, akirudia nilipoparua, kila mti akiuzungushia uwanja wake.

Kesho yake asubuhi tukasikia kengele za ng'ombe. Jirani yetu mpya, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka Kanda ya Ziwa, alikuwa anakuja na kundi lake. Mimi niliona ng'ombe elfu. Mama mpaka leo anasema hawakufika ishirini. Nikajua kazi yetu imekwisha kwa kwato. Lakini yule bwana akatanua mikono, akawazungusha wote pembeni mwa shamba. Kisha akavua makubazi yake, akayashika mkononi, akatufuata akinyata kwa vidole juu ya ardhi iliyofagiwa.

Nikamuuliza viatu vina kosa gani. Akasema mikorosho hajaizoea, ila alipoona pamefagiwa hivi, kila mti na uwanja wake, alijua hapa ndipo tunaposali.

Nikacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Mama hakucheka.

"Hujakosea sana, baba," akamwambia. "Vaa viatu vyako, karibu."

Nikatazama alipokuwa anatazama mama. Jua lilipenya majani, likadondoka vitonevitone juu ya udongo mwekundu, na mistari ya fagio la mama ikazunguka kila shina. Nilikulia pale, na sikuwahi kupaona. Nikainua macho. Kwenye matawi ya ndani, nyuma ya maua yaliyoungua, kulikuwa na korosho changa za kijani, ndogo kama kucha. Kwa mara ya kwanza maishani nasema bila kuongeza chumvi: zilikuwa chache. Lakini zilikuwepo, na pembeni yake maua mengine yalikuwa yanafunguka.

Kumbe jirani alikuja kuazima shoka akakate miti ya zizi. Nikampa lile lile.

Korosho zilipoanza kudondoka, hatukupoteza hata moja. Shoka liko kwake mpaka leo. Kila tukikutana anataka kulirudisha, nami namwambia zizi lake bado dogo, aendelee kujenga.